Shangazi, pipa la shemeji limeandikwa DOP

Kamwene Shangazi,

Nakuandikia kutoka Makambako, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Njombe. Mimi na mume wangu tuna mashine moja ya kukamua alizeti, huu ni mwaka wa sita. Usidhani ni kiwanda. Ni banda la mabati, mashine, chujio na ndoo zetu. Wakulima wanatuletea magunia kutoka hadi Wanging'ombe, wengine tunawakamulia kwa malipo, wengine tunanunua mbegu zao tunakamua mafuta yetu wenyewe.

Mwaka huu alizeti imekubali, Shangazi. Mafuta yamekuwa mengi mpaka vyombo vikaisha. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni utingo wa fuso linaloshuka Dar kila wiki. Akasema ana mahali anapata mapipa ya chuma kwa elfu thelathini, wakati hapa kwetu pipa la maana hulipati chini ya hamsini. Akaleta sita, ya bluu, mazima, hayana kutu. Nikayaosha mimi mwenyewe na binti yangu kwa maji ya moto na Omo, tukayasugua kwa mchanga na majivu, tukayasuuza mara tatu na kuyaanika juani siku mbili. Yaling'aa. Tukajaza matatu.

Pipa la kwanza tumeliuza lote na la pili limefika nusu. Ni madumu kama kumi na tano ya lita ishirini. Shule moja ya bweni imechukua manne, mama lishe wa stendi wamegawana sita, mengine yamekwenda dukani na kwa majirani.

Juzi binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa anavuta mafuta kutoka pipa la pili kwa ule mpira wetu mweupe wa kuonea. Mpira wenyewe umezeeka, umekuwa mgumu kama fimbo, ikabidi alilaze pipa kidogo ili ufike chini. Ndipo akaona karatasi iliyobaki ubavuni, imeandikwa DOP na kilo 200. Akaingia kwenye simu. Akaja kunisomea kwamba ni dawa ya kulainishia plastiki na ina sumu ya uzazi, inaharibu watoto wa kiume tumboni. Shangazi, miguu iliniisha nguvu. Mke wa kijana wetu anaishi nasi hapa nyumbani, ana ujauzito wa miezi mitatu, na tangu wiki mbili zilizopita tunapikia mafuta hayohayo.

Nilipomwambia Baba Tumaini akanusa pipa, akachovya kidole akaonja, akasema haya ni mafuta tu kama mafuta mengine. Anasema pipa limeoshwa, na mapipa mengine hayana karatasi kwa hiyo hayana neno. Kama nina wasiwasi sana atayawashia moto ndani yaungue yaishe. Shemeji naye amenuna, anasema namwita muuaji mbele ya watoto, baada ya yeye kutuhangaikia. Shule ikisikia tutapoteza tenda, na hela ya mafuta hayo ndiyo ada ya binti.

Nifanye nini? Mjukuu wangu atazaliwa salama? Na mafuta yaliyobaki, lita karibu mia tatu, niyamwage kweli?

Mama Tumaini


Kamwene, mwanangu.

Nianze na mkwe wako, maana ndiko roho yako iliko. Mafuta hayo asiyale tena kuanzia mlo wa leo. Usisubiri yaliyo kwenye chupa ya jikoni yaishe, na wala msimnyweshe maziwa ya kukata sumu kama tulivyozoea, hayana kazi hapa. DOP haikai mwilini miaka. Mwili unaivunjavunja na kuitoa kwa mkojo, sehemu kubwa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana kuacha leo kuna faida leo. Kliniki yake ikifika aende kama kawaida, amwambie muuguzi alichokula na kwa muda gani, na aandikiwe kwenye kadi.

Kuhusu mjukuu nitakwambia ninavyojua, bila kukupaka asali mdomoni. Kwanza ujue kitu chenyewe ni nini.

Mimi DOP naifahamu kwa mikono. Miaka kumi na moja nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja Chang'ombe, Dar, kabla ya kurudi nyumbani Iringa kuzeeka. Tulitengeneza mipira ya maji na magamba ya nyaya za umeme. Malighafi ilikuja ya aina mbili kubwa: unga mweupe wa PVC kwenye mifuko, ukiutazama ungedhani ni sembe, na mapipa ya bluu ya kilo mia mbili ambayo wafanyakazi wote waliyaita "mafuta". Hayo ndiyo DOP. Ule unga ukiuyeyusha peke yake unapata bomba gumu la kijivu, lile la kupitishia maji ardhini. Ukitaka mpira unaokunjika, kwa kila kilo mia za unga unamimina kilo kama hamsini za mafuta, unakoroga kwa joto mpaka unga uyanywe wote na kurudi kuwa mkavu, kisha unapitisha kwenye mashine. Piga hesabu utaona: theluthi nzima ya mpira laini ni DOP. Na haikuishia kwenye mipira tu. Iko kwenye yeboyebo, mabuti ya mvua, makoti ya mvua, kitambaa cha plastiki cha mezani, kapeti la plastiki la sebuleni, hata mfuko wa damu hospitalini.

Jioni miwani yangu ilikuwa na utando wa mafuta uliotoka kwenye mvuke wa mashine. Nikiufuta kwa khanga kavu unatandazika tu. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Jina lake refu ni daioktili thaleti, na vitabuni utaikuta pia kama DEHP. Kazi yake ielewe hivi. Nywele kavu hazichaniki, ukizipaka mafuta zinalainika na kusukika. Lakini mafuta hayajageuka nywele. Yamekaa katikati yake, na usiku ukilalia mto, asubuhi foronya ndiyo inayong'aa. DOP ndani ya plastiki iko vilevile, haikuungana nayo, imejibanza tu. Ikipata foronya ya kuhamia inahama. Na foronya inayoipenda kuliko zote ni mafuta ya kula, hasa yakiwa na joto. (Wazee wa kazi hii walianza na kafuri, mwanangu, hiihii ya kuzikia. Hyatt wa Marekani mwaka 1870 aliichanganya na selulosi iliyotiwa asidi akapata seluloidi, plastiki ya vitana na ya mikanda ya picha. Kafuri nayo ilikuwa inahama, vitana vilinukia.)

Sasa sumu. Baba Tumaini ameonja na hakuanguka, na hataanguka. Kwa mkupuo mmoja DOP ni dhaifu kuliko chumvi ya mezani: panya wa maabara huhitaji zaidi ya gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake ndipo nusu yao wafe. Haina ladha, haina harufu ya maana, haina rangi. Ukiiweka kwenye glasi karibu na alizeti iliyochujwa vizuri unaweza kukosea. Kwa hiyo kuonja kwake hakukupima chochote.

Ubaya wake uko kwenye homoni. Panya wenye mimba wakipewa nyingi, watoto wao wa kiume hupungukiwa homoni ya kiume wakiwa bado tumboni. Wengine huzaliwa korodani hazijashuka, wengine tundu la mkojo haliko mahali pake. Binadamu si panya, lakini tafiti za watu nazo zimeelekea upande huohuo kiasi cha serikali kuchukua hatua. Ulaya waliizuia kwenye midoli ya watoto wadogo kwa muda mwaka 1999, na mwaka 2005 wakaifanya sheria ya kudumu, isizidi asilimia 0.1. Marekani wakaweka kiwango hichohicho mwaka 2008. Wachunguzi wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2011, waliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Kipindi ambacho mtoto wa kiume anajengwa kwa homoni hiyo kinakadiriwa kuwa kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito. Mkwe wako yuko humohumo. Sikufichi, na ndiyo sababu nimesema mlo wa leo, sikusema Jumamosi. Lakini wiki mbili za mboga za kuunga si dozi waliyopewa panya wale, na hakuna mtu, daktari wala mganga, anayeweza kutazama mimba hiyo leo akakuambia imedhurika. Wakati mtoto akizaliwa, kama ni wa kiume, mwambieni mkunga amkague korodani na tundu la mkojo, jambo ambalo hata hivyo hufanywa kwa kila mtoto wa kiume. Yote mawili yakionekana mapema yanatibika kwa upasuaji. Na nikuombe jambo moja: akihitaji kuongezewa damu siku ya kujifungua, mtu asije akakataa kwa sababu amesoma kwenye simu kwamba mfuko una DOP. Ni kweli unayo, na cha kushangaza ni kwamba inasaidia chembe nyekundu zisipasuke zikiwa zimehifadhiwa. Mama anayevuja damu anahitaji damu.

Nimefanya hesabu ya pipa lako, maana najua Baba Tumaini ni mtu wa hesabu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka 2019, ilisema mtu asizidishe mikrogramu 50 za vilainishi vya ukoo huu kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, maisha yake yote, tena vinne vikijumlishwa pamoja. Mama wa kilo 60 anaruhusiwa miligramu 3 basi. Pipa lililomiminwa likaonekana tupu hubaki na kitu kwenye mshono wa kitako na kuzunguka mdomo. Tuseme imebaki glasi moja, mililita mia mbili. Ukijaza lita mia mbili za alizeti, kila lita ina mililita moja ya DOP. Mtu akila vijiko viwili vya chakula vya mafuta hayo kwa siku amekula karibu miligramu 30, mara kumi ya kiwango. Tuseme hukuacha glasi, umeacha kijiko kimoja tu cha chakula kwenye pipa zima. Bado anakula zaidi ya miligramu mbili, karibu robo tatu ya anachoruhusiwa, kabla hujahesabu mabuti, kapeti na vingine. Kiwango hicho kimewekewa nafasi kubwa ya usalama, kukizidi wiki mbili hakumaanishi umeugua. Ila ni chakula cha kuuza, kinaingia shule ya bweni kila siku, na anayekula hakuulizwa.

"Lakini tumeosha." Najua mmeosha, na mmeosha kwa bidii kuliko wengi. Ila kumbuka miwani yangu. DOP na maji hawajuani, Omo inaondoa kidogo na mchanga unasugua pale mkono unapofika. Kwenye mshono mkono haufiki. Sabuni ya kweli ya DOP ni mafuta. Siku ulipojaza alizeti ndipo pipa lilipooshwa sawasawa, na maji ya kuoshea ndiyo hayo umeyauza.

Nakuambia hivi nikiwa na deni langu. Kiwandani kwetu mapipa matupu yaliuzwa getini kila Ijumaa, na kibali cha kutoka nilisaini mimi. Mama mmoja alinishika mkono akauliza kama anaweza kuwekea maji ya kunywa. Nikamwambia aoshe kwa sabuni. Sura yake naikumbuka mpaka leo, alikuwa na mtoto mgongoni.

Sasa yale matano yasiyo na karatasi, ambayo mumeo anasema hayana neno. Hayo ndiyo yananinyima usingizi kuliko lile la DOP. Lile angalau limejitaja. Kilainishi si kimoja, wapo wengi, na mmojawapo ni mbaya kwa namna nyingine kabisa. Anaitwa trikresili fosfeti, kwenye pipa utaona TCP. Hutumika kulainisha plastiki na rangi, kuzuia moto usishike, na kuongezwa kwenye mafuta ya mitambo na ya injini za ndege. Aina yake mojawapo inaua neva. Mtu anakula leo, anaharisha kidogo au hasikii kitu, wiki moja au tatu baadaye ndama za miguu zinabana, kisha nyayo zinalegea, anatembea akiburuza vidole. Mwaka 1937 huko Durban watu wapatao 60 walipooza kwa mafuta ya kupikia yaliyowekwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mafuta ya mitambo. Mapipa tu, mwanangu, hakuna aliyekusudia kumwekea mtu sumu. Mwaka 1959 mjini Meknes, Moroko, ilikuwa mbaya zaidi: wafanyabiashara walichanganya mafuta ya kula na mafuta ya injini za ndege yaliyokuwa yamebaki kwenye kambi ya Wamarekani, wakauza sokoni. Walioathirika walikuwa kama elfu kumi.

Sisemi mapipa yako yana TCP. Nasema shemeji yako hajui, muuzaji wa Dar pengine hajui, na pua ya Baba Tumaini haijui. Pipa lisilo na jina halifai kuwekewa chakula, hata lingeng'aa vipi. Na kama kuna mnunuzi yeyote atakayelalamika kubanwa na ndama au kulegea nyayo, aende hospitali siku hiyohiyo akaseme alikula mafuta ya pipa lisilojulikana.

Habari ya kuwasha moto ndani ya pipa, mkatazeni. Pipa ambalo hukujua lilibeba nini linaweza kuwa na mvuke wa thina ya rangi, na mvuke huo ukikutana na moto pipa linapaa na mfuniko wake. Vilevile lisikatwe kwa gesi na fundi wa kuchomelea. Nimeshuhudia mfuniko ukitoboa bati la stoo. Aliyekuwa ameshika bomba la gesi alipona kwa kuwa alikuwa ameinama kuokota kiberiti.

Kuna kitu kimoja umekiandika kwa kupita, na hukuniuliza. Ule mpira mweupe wa kuonea, ambao "umekuwa mgumu kama fimbo". Ulipoununua ulikuwa laini, unajikunja kama nyoka, sivyo? Huo ni mpira wa PVC, wa aina tuliyokuwa tukitengeneza sisi, na theluthi ya uzito wake ilikuwa kilainishi. Umekuwa ukipitishia alizeti ya uvuguvugu iliyotoka kwenye mashine, msimu baada ya msimu, na kila ulipopitisha, alizeti iliondoka na kidogo. Plastiki haikuzeeka kama sisi, imenyonywa. Kwa hiyo hata kabla ya mapipa ya shemeji mlikuwa mnauza DOP kwa matone, bila kujua. Msimlaumu peke yake.

Tuje kwenye kazi. Lita mia tatu zilizobaki, usiziuze na usizigawe. Usiwape nguruwe, maana mafuta ya nguruwe nayo ni foronya. Usipikie sabuni, na usimwage mtaroni wala kwenye kijito. Ziacheni kwenye mapipa hayohayo, mfunge, muandike kwa rangi nyekundu pande zote SI CHAKULA, myafungie mahali ambapo kijana wa kazi hatachota kwa bahati mbaya. Yale mapipa manne matupu, pamoja na lile mliloliuza lote, nayo yaandikwe hivyohivyo, yasiwekewe maji, wala togwa, wala mahindi, wala ulanzi. Kisha nendeni Mbeya. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini pale, na ndio wanaosimamia kemikali za viwandani. Waambieni mna mapipa ya namna gani na mafuta kiasi gani, wawaelekeze pa kuyapeleka. TBS, shirika la viwango, nao wako Mbeya, wao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Najua unaogopa kujipeleka. Mtu anayefika mwenyewe na karatasi ya pipa mkononi huongea tofauti na anayefuatwa na gari baada ya mama lishe kulalamika. Hela ya kupima mafuta ya lile pipa lenye karatasi usiitoe, pipa limeshasema. Mkitaka kupima, pimeni yale yasiyo na jina.

Mashudu usiyatupe. Yalitoka kabla mafuta hayajaingia pipani, wapelekee wafugaji wako kama kawaida.

Wanunuzi waambie wewe, usimtume binti. Anza na shule, kesho asubuhi, kabla mpishi hajafungua dumu jingine. Usiende na hotuba ya kemikali. Sema: "Mwalimu, nimegundua pipa langu moja halikuwa la chakula. Naomba mnirudishie mafuta niliyowaletea, hata kama dumu limefunguliwa, nitawalipa au nitawaletea mengine yaliyokaa kwenye chombo safi." Ukae kimya, umwache aulize. Akiuliza kilichokuwemo, mwambie kilainishi cha plastiki, na kwamba wapishi wajawazito wasiyale. Unaweza kupoteza tenda, sitakudanganya. Lakini tenda hiyo ukiificha utalala nayo kila siku watoto wale wakipanga foleni ya maharage, na siku ikijulikana kwa mdomo wa mwingine hutapoteza shule moja, utapoteza stendi nzima na Wanging'ombe juu yake. Mama lishe nao maneno ni hayohayo. Wenye duka waambie washushe dumu kwenye rafu mbele yako.

Ada ya binti, hilo ni pigo, na sina maneno ya kulifanya dogo. Ila kaeni mezani mpange: hasara ni ya nyumba nzima, shemeji ndani yake. Achangie kwa kile anachoweza, hata kama ni safari mbili za kubebewa magunia bure. Jambo la kwanza unalolihitaji kutoka kwake si hela wala samahani. Mwambie, "Shemeji, hukujua, na sisi hatukuuliza. Nisaidie: yule mtu wa mapipa aliyatoa kiwanda gani, na kile kiwanda kinatengeneza nini?" Jibu hilo litawaambia Mbeya waanze kutafuta nini kwenye mapipa matano. Akilijibu, mbele ya watoto, kununa kutakwisha kwenyewe. Na umwombe pia asimpelekee mtu mwingine mapipa ya huko.

Vyombo vya msimu huu: nunua madumu mapya, yale ya plastiki ngumu ya njano. Yametengenezwa kwa plastiki isiyohitaji kilainishi, tazama kitakoni namba 2 ndani ya pembetatu, na alama ya glasi na uma ikiwepo ni bora zaidi. Ukiona namba 3, hiyo ni PVC, irudishe dukani. Mkijaliwa siku za mbele, tangi dogo la chuma kisichoshika kutu lenye koki chini. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha wakamuaji wadogo mambo haya, waulizeni. Tangi lenye koki halitaki mpira kabisa, mafuta yanashuka yenyewe kwenye dumu, na yaacheni yapoe kwanza kabla ya kuyafunga.

Ule mpira mgumu usiutupe bado. Kata urefu wa mkono mmoja, nenda duka la vifaa ununue kipande kipya cha unene uleule, uviweke vyote viwili mezani mbele ya Baba Tumaini. Mwambie akunje kimoja kimoja. Asipouliza ulaini wa kile cha zamani umekwenda wapi, muulize wewe, huku dumu la mafuta likiwa karibu.

Shangazi